Hotrodi yangu haimo kwenye kompyuta ya duka: nitapataje dramu na shuu za difu ya nyuma?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwenyeji wa Moshi, sasa naishi Columbus, Ohio. Mwaka jana nilinunua Ford Model A ya 1930 kwa mzee jirani yangu. Si ya asili, ni hotrodi, yaani gari la kale lililoundwa upya kwa vipuri vya kuchanganya: injini ya V8, gia otomatiki, na difu ya nyuma ambayo mzee aliniambia ni "Ford inchi 9". Yeye mwenyewe hakuijenga, aliikuta hivyo hivyo. Sasa breki za nyuma zimeisha, na upande wa kushoto chuma kinalia kwa chuma. Dukani waliniuliza gari gani, la mwaka gani. Nikasema Ford ya 1930, kompyuta ikakataa. Rafiki akaniambia difu hizo zilikuwa za pikapu za F-100, nikaagiza dramu mbili za F-100 ya 1970, matundu ya boliti hayakukaa. Hela imeshakwenda. Nitajuaje dramu, shuu (zile pedi za kupinda zinazoisugua dramu kwa ndani) na vidude vyake vinavyooana na difu yangu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la haraka. Chuma kikishalia kwa chuma, gari hilo halitoki tena, hata kwenda dukani. Omba lifti. Na zile dramu za F-100 zirudishe leo kama hazijaguswa na grisi, maana hutazihitaji.

Rafiki yako hakukudanganya, aliruka hatua tu. Ni kweli F-100 nyingi zilibeba difu ya inchi 9, inchi hizo zikiwa kipenyo cha gia kubwa ya ndani. Lakini Ford waliifunga difu hiyo tangu magari ya 1957 hadi 1986: kwenye saluni, kwenye Mustang, kwenye Bronco, kwenye pikapu, hata kwenye Lincoln. Kila ukoo ulikuwa na upana wake, boliti zake na breki zake. Kusema "nina inchi 9" ni kama kumwambia muuza viatu kwamba una miguu miwili.

Na hapo bado hatujagusa mkono wa aliyeijenga hotrodi yako. Tangu vijana wa kusini mwa California walipoanza kuzivua mabawa (madigadi) Ford T na Model A na kwenda kushindana mbio kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage, miaka ya 1930 na 1940, mtindo wa kazi hii haujabadilika: chukua kilichopo skrepa, kifanye kiingie. Model A ni gari jembamba. Difu ya saluni kubwa ukiiacha na upana wake, matairi yanatokeza nje kama masikio. Kwa hiyo hausingi, ganda la nje la difu, hukatwa, ikafupishwa, ikachomelewa ncha mpya. Ekseli hukatwa au huagizwa mpya. Breki zinatoka kwingine kabisa. Ndiyo maana hata upana wa difu, ambao kwenye gari la asili ungekuambia ukoo wake, kwako hauna ushahidi wowote. Chini ya gari lako huenda kuna hausingi ya mama huyu, ekseli za baba yule, na breki za kambo.

Basi acha kuuliza difu imetoka kwenye gari gani. Uliza kila kipande kinashikana na kipi, kwa kipimo gani. Mimi ufundi niliujifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na enzi hizo hakukuwa na kompyuta ya kukuhoji mwaka wa gari. Unakwenda na kitu kilichochakaa kimefungwa gazeti, unakiweka mezani. Muuzaji anachomoa kingine kwenye rafu, anavibananisha mgongo kwa mgongo, anapitisha kidole gumba kwenye matundu, anakuambia "hii inakaa" au "rudi kesho". Utafanya hivyo hivyo, ila utabeba na vipimo kwenye karatasi. Nunua venia (kipimio cha kubana) inayosoma inchi, kwa sababu karibu kila kitu hapo chini kilizaliwa kwa inchi, na milimita zitakupotezea muda wa kugeuza tu.

Inua nyuma, weka kwenye stendi, si jeki peke yake, na uzibe magurudumu ya mbele. Kisha hakikisha kwamba kweli ni inchi 9. Tazama difu kwa mgongo, upande wa nyuma ya gari. Ukiona kifuniko kilichofungwa kwa boliti, si yenyewe, mzee naye alidanganywa; huenda ni ya General Motors, au ni ile Ford ya 8.8. Inchi 9 mgongo wake ni mzima, haufunguki. Matumbo yake yote, yaani gia za ndani, hutolewa kwa mbele. Lakini Ford walikuwa na mdogo wake, inchi 8, anayefunguka vilevile kwa mbele, na hapa watu wengi huingia mkenge. Chukua soketi, jaribu nati mbili za chini kabisa zinazokamata yale matumbo. Soketi ikikaa vizuri, hiyo ni inchi 8. Kwenye inchi 9 chuma cha difu kinaziegemea nati hizo, soketi haiingii, lazima utumie spana ya ringi.

Ukiwa hapo chini unaweza kukuta kibati kidogo chini ya nati mojawapo, chenye maandishi kama 3L50. Usisisimke sana. Hiyo inakuambia uwiano wa gia ni 3.50, na herufi L ni ya difu inayofunga magurudumu yote mawili. Kibati kinazungumzia matumbo, si breki, na matumbo hayo fundi mwenye haraka huyabadilisha asubuhi moja.

Sasa vua dramu. Hapa nenda polepole, maana ndipo ushahidi wote ulipo. Dramu iliyoisha huwa na ukingo wa kutu kwa ndani, na shuu hukwama nyuma ya ukingo huo. Usiipige nyundo ukingoni, ni chuma cha kalibu, kitamegeka. Nyuma ya breki, kwenye ile sahani ambayo mafundi huita bekipleti, kuna tundu refu lililozibwa kwa mpira. Toa mpira, ingiza bisibisi nyembamba usukume pembeni kale kamkono ka ajasta, kifaa kinachosogeza shuu karibu na dramu, kisha kwa bisibisi ya pili zungusha kigurudumu chenye meno mpaka shuu zirudi ndani. Dramu itatoka kwa mkono. Kabla ya kugusa chochote, nyunyizia maji ya sabuni kila mahali na uvae barakoa. Lainingi za zamani, ule utando wa kusugua ulio juu ya shuu, zilikuwa na asbesto, na hujui hizo zimewekwa lini. Kompresa ya upepo iache palepale ilipo.

Piga picha. Nyingi, za karibu, pande zote mbili. Halafu fungua upande mmoja tu na uache mwingine ukiwa umefungwa kama ulivyo. Nimeona watu wazima wakikaa chini na rundo la springi mapajani, wakibishana ipi ilikuwa juu.

Dramu yenyewe itakuambia mengi kuliko mzee. Isugue kwa brashi ya waya, utafute maandishi yaliyotoka na kalibu. Kwa kawaida utakuta kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, mfano 10.060. Maana yake ilizaliwa na inchi 10 kamili, na ikishavuka hapo haikerezwi wala haitumiki tena. Kwa hiyo hata dramu iliyolika vibaya bado inataja ukubwa wake wa asili. Kwa upande wako wa kushoto, uliolia chuma kwa chuma, sitegemei kama dramu itapona, lakini ipime. Ukitaka kuipeleka kwa fundi wa kukereza, akimaliza lazima kipenyo kibaki chini ya ile namba. Ukiifikisha kwenye namba yenyewe umekereza jeneza.

Kisha pima upana wa sehemu shuu inaposugua. Chini ya difu hizi utakutana na inchi 10 kwa 2, 10 kwa 2.5, 11 kwa 2, 11 kwa 2.25 na nyinginezo. Ukisikia mtu anasema "za inchi 10" bila kutaja upana, hajakuambia kitu. Pima pia kina chote cha dramu, kuanzia uso unaokaa kwenye flenji ya ekseli, ile sahani ya mwisho yenye boliti za gurudumu, mpaka ukingo wa ndani kabisa. Na tundu la katikati. Hili la katikati watu hulidharau. Dramu husimama katikati kwa kukumbatia kitovu cha ekseli, si kwa kuning'inia kwenye boliti. Tundu likiwa kubwa kuliko kitovu, dramu inakaa upande kidogo, na kila ukikanyaga pedali inakupigapiga mguuni. Likiwa dogo, hilo si tatizo, fundi wa kukereza atalipanua kwa dakika chache.

Tukija kwenye boliti za gurudumu, ndipo hela yako ilipopotelea. Ziko tano, na kwa kuwa ni tano hakuna boliti inayotazamana na nyingine, kwa hiyo huwezi kupima moja kwa moja mduara unaopita katikati ya boliti zote. Pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya jirani yake, uzidishe kwa 1.701. Ukipata karibu inchi 2.65, mduara wako ni inchi 4.5, wa saluni nyingi za Ford na Mustang. Karibu 2.79 ni 4.75, ambao ni wa Chevrolet nyingi. Karibu 2.94 ni inchi 5, wa magari makubwa zaidi. Na 3.23 ni 5.5, wa F-100, wa Bronco, na wa Ford za kale ikiwemo Model A yenyewe ilipotoka kiwandani. Dramu zako za F-100 zilikuwa za 5.5. Kwa kuwa zilikataa, nadhani utapata 2.65, lakini usiamini kudhani kwangu, pima. Tofauti ya 4.5 na 4.75 kati ya boliti na boliti haifiki hata sehemu ya sita ya inchi, na hapo ndipo mtu hujaribu kulazimisha dramu kwa nyundo. Angalia pia kama flenji ina matundu kumi badala ya matano. Ekseli nyingi za kuagiza hutobolewa miduara miwili ili ziuzike kwa watu wa Ford na wa Chevrolet, na wewe unahesabu ule wenye boliti tu.

Ukifika hapa, simama ufikirie. Kama bekipleti ni nzima, haijapinda wala kuliwa, na difu haivuji, huna haja ya kujua zaidi kuhusu hausingi. Unatafuta dramu na shuu zinazolingana na ulivyovikuta, basi. Vipimo vitano vya dramu ulivyoandika, yaani kipenyo, upana, kina, tundu la kati na mduara wa boliti, ndivyo hivyo hivyo watengenezaji wa spea huvichapisha kwenye katalogi zao. Mwambie wa dukani aache gari, atafute kwa vipimo. Akipata dramu inayofanana, amwulize kompyuta swali la kinyume: namba hii ya spea inaingia magari gani? Itatoka orodha, labda ya Ford fulani za miaka fulani. Sasa una jina la gari la kulitaja kila unapokwenda kununua kitu cha upande huo. Kwenye skrepa nako wana vitabu na orodha za Hollander za kuoanisha vipuri, kazi yake ni hiyo hiyo. Lakini angalia: gari lililotajwa kwa dramu si lazima liwe ndilo la shuu. Kila kipande kipe gari lake.

Bekipleti unaijuaje kama ni nzima? Kwenye uso wake kuna vituo sita vilivyoinuka kidogo, vitatu kwa kila shuu, ambavyo shuu huteleza juu yake. Pitisha ukucha. Kama vimechimbika mfereji, shuu hunasa mle, hairudi, na breki inabaki inashika upande mmoja. Mfereji mdogo hujazwa kwa kuchomelea ukapigwa tupa ukawa bapa. Mkubwa, tupa bekipleti.

Na kama ndani ya dramu umekuta mafuta mazito meusi yenye harufu ya oili ya gia, oilisili ya ekseli imekufa, na ekseli lazima itoke hata kama hukupanga. Shuu zilizolowa oili ya gia usizioshe kwa petroli ukadhani zimepona. Zikipata moto oili inatoka tena.

Kutoa ekseli ya inchi 9 si kazi ya kutisha. Flenji ina tundu. Zungusha mpaka tundu likutane na nati moja ya zile nne zinazokamata bekipleti, pitisha soketi, fungua, zungusha tena. Nne zikiisha, ekseli unaivuta nje kwa nyundo ya kuteleza, inatoka na beringi yake kwa kuwa beringi imepigwa presi juu yake. Bekipleti nayo sasa ipo huru. Hapo unaona ncha ya hausingi kwa macho, na hapa ndipo mtego mkubwa ulipo.

Pima kipenyo cha nje cha beringi. Inchi 2.835 ni ncha ndogo. Inchi 3.150 ni ncha kubwa, na wengi huishia hapo, wakaagiza bekipleti za "beringi kubwa". Lakini ncha kubwa za Ford ziko za aina mbili na beringi ni ile ile. Pima boliti nne za hausingi, kati kwa kati. Ukipata inchi 2 kwa kwenda juu na inchi 3 na 9/16 kwa upana, hizo ndizo zile ambazo sokoni huitwa za Torino, jina la gari moja la Ford, hata kama hazijawahi kuiona Torino. Ukipata inchi 2 na 3/8 kwenda juu na inchi 3 na 1/2 kwa upana, ni za zamani. Bekipleti ya moja haikai kwenye nyingine. Kwa hotrodi iliyofupishwa ningebashiri Torino, kwa sababu ndizo ncha ambazo wauzaji wa spea za mbio wanazo tele, lakini wapo pia waliochomelea ncha za Oldsmobile au Pontiac kwenye hausingi ya Ford. Vipimo vyako visipofanana na hivi nilivyotaja, usivilazimishe. Viandike kama vilivyo, umpelekee muuzaji wa ncha na bekipleti.

Kipimo cha mwisho ndicho kilichonifundisha adabu. Kutoka uso wa ncha ya hausingi, pale bekipleti inapokaa, hadi uso wa flenji ya ekseli, pale dramu inapokaa, kuna umbali fulani. Kwa Torino kawaida ni inchi 2.5, kwa ncha kubwa za zamani ni 2.36. Tofauti ni kama unene wa sarafu mbili. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja seti mpya kabisa ya breki, kila kitu kinang'aa, boliti zote zimekaa. Nikazungusha gurudumu likawa linasema sss, sss, kama chapati inayoguswa na maji. Nikajiambia ni rangi mpya, itajisugua iishe. Mteja alirudi siku ya tatu na mfereji mweupe umezunguka bekipleti yote, na ukingo wa dramu umekuwa wembe. Ekseli zilikuwa zimeagizwa kwa umbali mmoja na breki kwa mwingine. Kwa hiyo pima huo umbali ekseli ikiwa imekaa mahali pake kabla ya kuitoa, na seti yoyote utakayonunua, uliza umbali wake ni upi.

Kuhusu shuu sitakuwa mrefu, ila mambo mawili matatu. Shuu nyingi za Marekani zina namba ya FMSI, ambayo hutaja umbo la shuu, na watengenezaji tofauti huitumia hiyo hiyo. Isugue shuu ya zamani pembeni, ukiipata imechapwa au imegongwa hapo, shika namba hiyo, kazi ya shuu imekwisha. Usipoipata, pima upana wa lainingi na ubebe shuu yenyewe kwenye gazeti, kama Gerezani. Ukifungua ukakuta shuu zote mbili zimefungwa kwa chini kila moja na boliti yake, hiyo si Bendix, aina ya kawaida yenye pini moja juu, bali ni breki ya mtindo wa Ford za 1939 hadi 1948. Wapo wanaozifunga kwa ajili ya sura tu, na hapo niandikie upya.

Za Bendix, ambazo nadhani ndizo zako, shuu mbili za upande mmoja si pacha. Moja ina lainingi fupi, nyingine ndefu. Fupi inakaa mbele, upande wa pua ya gari. Ndefu nyuma. Sababu ni kwamba unapokanyaga breki, dramu inaibeba shuu ya mbele kidogo, nayo kupitia ajasta ya chini inaisukuma ya nyuma, na ya nyuma ndiyo inayofanya kazi kubwa kwa kujikandamiza kwenye pini ya juu. Kuna aliyepanga fupi mbili kushoto na ndefu mbili kulia kwa sababu zilimpendeza macho. Gari lake lilivuta upande kila akikanyaga, akabadilisha matairi, akabadilisha springi za mbele, akaja kwangu mwisho. Dakika arobaini, tulimaliza.

Springi, vipini na waya wa ajasta nunua vipya kwa seti, ni bei ndogo. Springi zilizopata moto hulegea, na huwezi kuona kwa macho. Ajasta zenyewe ziko za kushoto na za kulia, nyuzi zake zimekatwa kinyume. Ukizibadilishana, kila breki inapojirekebisha shuu zinazidi kurudi ndani badala ya kutoka, pedali inashuka siku hadi siku na wewe unalaumu masta silinda, ile pampu ya pedali.

Wilisilinda, silinda ndogo ya kwenye gurudumu inayosukuma shuu, nayo ina ukubwa wake, na hapa hotrodi inatofautiana na gari la asili, kwa sababu masta silinda yako pia haijulikani imetoka wapi. Za nyuma mara nyingi ni inchi 7/8 au 15/16. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu inakwenda kwa eneo la pistoni: ya 15/16 inasukuma karibu asilimia 15 zaidi ya 7/8 kwa presha ile ile, na inahitaji mafuta zaidi kwa kila mkanyago. Weka ukubwa ule ule ulioukuta kama gari lilikuwa likisimama vizuri kabla ya shuu kuisha. Angalia pia nyuzi za bomba. Kwa bomba la inchi 3/16 kawaida ni 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi. Usiikaze nati ya bomba inayokataa kwa vidole.

Ukishaona bekipleti zako hazifai, swali linakuwa: kukusanya kipande kimoja kimoja, au kununua seti nzima? Kwa ncha za Torino mimi ningenunua seti nzima ya inchi 11 kwa 2 au inchi 10, yenye bekipleti, shuu, wilisilinda, waya na kila kitu ndani, kwa sababu zipo nyingi na bei haitishi. Kwa ncha za nadra ningekusanya. Lakini usikimbilie breki kubwa kabisa ukidhani ndizo bora. Model A iliyovuliwa mabawa ni nyepesi, na ukibana breki uzito wote unakimbilia mbele. Breki za nyuma zenye nguvu kupita kiasi zinafunga magurudumu kabla ya za mbele, na kwenye mvua mkia unataka kukupita. Inchi 10 kwa 2 zinatosha kabisa kwa gari lako. Kama tayari kuna vali ya kupunguza presha ya nyuma, iache ilipo mpaka umalize kazi, ndipo uirekebishe.

Masta silinda ikiwa chini ya sakafu, kama kwenye hotrodi nyingi za Model A, angalia kama kuna vali ndogo ya kubakiza presha ya psi 10 (pauni 10 kwa inchi ya mraba) kwenye bomba la nyuma. Bila hiyo, mafuta yanarudi nyuma, springi zinavuta shuu mbali, na inabidi ukanyage mara mbili ndipo pedali iwe ngumu. Wengi hubadilisha shuu na dramu wakitafuta dawa ya ugonjwa huu, na si wake.

Ukimaliza kununua, andika kila namba ya spea kwenye karatasi, uilaminishe, uifunge chini ya kiti: dramu ni kama ya gari fulani, shuu namba fulani, wilisilinda ukubwa fulani, oilisili namba fulani. Atakayenunua gari hilo kwako hatapata shida uliyopata wewe.

Kufunga: paka grisi ya breki kidogo tu kwenye vile vituo sita, kiasi cha kucha. Zungusha kigurudumu cha ajasta mpaka dramu iingie kwa kusugua kidogo, sauti nyepesi, bila kushika. Toa upepo kwenye mabomba ya breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kisha tafuta uwanja mtupu, endesha nyuma polepole na kukanyaga breki mara kumi hivi, kwa sababu ajasta za aina hii hufanya kazi unaporudi nyuma tu. Nenda kilomita kumi mitaani, simama bila kutumia breki sana, ukaribishe kiganja kwenye kila dramu bila kuigusa. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, rudi kwenye springi na vile vituo sita vya upande huo kabla hujaanza kulaumu dramu mpya.